Kabla Hujamwita Daktari wa Ng'ombe Mwizi

Wacha nianze kwa kukiri, ndio tuendelee tukijuana. Mwaka jana nilimwita mtu mwizi mbele ya maelfu ya watu kwa sababu ya shilingi 4,500. Mtu huyo ni daktari wa mifugo. Nilibandika picha yake Facebook, nikaweka jina na nambari ya simu, nikaandika kwamba hawa madaktari wanakamua wakulima kuliko wakulima wanavyokamua ng'ombe. Watu walicheka, wakasambaza, na usiku huo nililala nikijiona mtetezi wa wanyonge.

Kama wewe ni kijana wa huku kwetu, Meru ama Embu, posti ya aina hiyo unaijua hata kama yangu hukuiona. Huja kila mara kwenye makundi ya WhatsApp ya kijiji: picha ya karatasi yenye bei, jina la daktari, halafu matusi. Mmoja anasema wote ni matapeli. Mwingine anasema amesikia kuna kijana wa agroveti anadunga kwa mia tano. Nani anauliza kama ng'ombe alipona? Hakuna.

Hadithi yangu ni hii. Mimi naishi Makutano, mjini Meru. Chuo niliacha mwaka wa pili karo iliposhinda watu wa nyumbani, kwa hivyo siku hizi naandika, napiga picha harusini, na nikikosa kazi nasaidia rafiki kuuza viatu Gakoromone. Shosho yangu yuko Embu, juu ya Runyenjes, kule majani chai yanakaribia kugusa msitu wa mlima. Ana kipande kidogo cha shamba, migomba, nepia pembeni, na ng'ombe mmoja. Huyo ng'ombe, na mamake kabla yake, ndio walionilipia karo hadi pale niliposimama.

Aprili mwaka jana, mvua ikinyesha, shosho alinipigia saa tatu usiku. Ng'ombe alikuwa hali, anahema kwa shida, na chini ya sikio tezi imevimba kama limau. Daktari alitoka mjini Runyenjes na pikipiki yake akapanda kwenye lile tope. Alipima joto, akashika zile tezi, akasikiliza mapafu, akasema ni ndigana kali. Akadunga dawa. Aliporudi siku ya tatu kumwangalia, ng'ombe alikuwa anacheua. Bei yote ilikuwa 4,500. Shosho alikuwa na elfu moja. Zilizobaki nilituma mimi kwa M-Pesa, na zilikuwa pesa za kodi ya nyumba. Iliniuma. Nikaandika.

Angalia vizuri: niliandika kwamba bei ni kubwa. Kwamba ng'ombe alipona, hilo niliona halina utamu, nikaliacha.

Sasa tuchambue hizo 4,500, kwa sababu hapo ndipo mimi na wewe huwa tunakosea. Ndigana kali huletwa na kupe wa masikio, na ng'ombe wa gredi asipotibiwa mapema huenda. Dawa yake si ile ya kupaka ama ya kunywesha. Hupimwa kwa uzito: mililita moja kwa kila kilo 20. Ng'ombe wa kilo 400 anataka mililita 20, na wakati mwingine dozi inarudiwa baada ya siku mbili au tatu. Sehemu kubwa ya pesa uliyompa daktari haikukaa mfukoni mwake hata dakika moja. Ilikuwa ya dawa aliyonunua kwa pesa zake kabla hujampigia. Toa mafuta ya pikipiki, safari mbili, na usiku. Kinachobaki ndicho mshahara wake. Mtu huyo alisoma miaka mitano, pengine Chuo Kikuu cha Nairobi katika bewa la Upper Kabete, pengine Egerton kule Njoro. Mimi niliyeshindwa kumaliza miwili, ndiye nilijifanya kujua thamani ya mitano.

Kisha uliza swali la pili: mbona mzigo wote unaangukia mfugaji? Muulize shosho yako jinsi ilivyokuwa zamani. Atakwambia kuhusu daktari wa serikali aliyekuja na gari la serikali, josho la ng'ombe lililokuwa karibu, na mbegu za madume zilizotoka kituo cha Kabete kilichoanzishwa mwaka wa 1946. Serikali ilikuwa imeweka bega chini ya mzigo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 iliacha kuajiri kila daktari wa mifugo aliyehitimu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati wa ile mipango ya kubana matumizi iliyosukumwa na Benki ya Dunia na IMF, matibabu, upandishaji wa mbegu na majosho yakaachiwa watu binafsi na wakulima wenyewe. Mwaka wa 2013 kaunti zikakabidhiwa kazi ya kudhibiti magonjwa ya mifugo, na kila kaunti ikaanza kutafuta njia yake.

Kwa hivyo ile bei unayoiona leo, sehemu ya bei hiyo babu zetu hawakuiona kwa sababu ililipwa na serikali kupitia ushuru. Bega limetolewa, mzigo ni uleule. Binadamu akiugua tunagombana kuhusu SHA, lakini angalau kuna SHA ya kugombania. Ng'ombe hana. Bima ya mifugo ipo, ila katika kijiji cha shosho sijamwona jirani hata mmoja aliye nayo. Daktari anafika kwako akiwa peke yake, bila kaunti, bila bima, bila waziri. Basi hasira yote ya miaka thelathini inamwangukia yule mtu mmoja mwenye gambuti na begi.

Turudi kwa daktari wetu. Baada ya posti yangu, watu asiowajua walianza kumpigia. Wengine walimtukana mamake. Wengine walimwambia atibu bure ndipo waamini si mwizi. Mmoja alimwita usiku kwenye boma ambalo, alipofika, halikuwa na ng'ombe. Lilikuwa na vijana wanaocheka. Mwishowe alizima ile laini. Haya yote sikuyajua. Mimi nilikuwa nimeshahamia hasira nyingine.

Novemba, ng'ombe alizaa salama, ndama jike. Kesho yake asubuhi mama mtu hakuweza kusimama. Shingo ilikuwa imepinda kuelekea ubavuni, masikio baridi. Shosho alipiga ile nambari mara nne. Mteja hapatikani. Jirani, kwa nia njema kabisa, akamleta kijana anayesaidia kwenye agroveti. Huyo kijana hakukosea ugonjwa. Alijua ni homa ya maziwa, ile inayowapata ng'ombe wa maziwa mengi siku mbili tatu baada ya kuzaa, madini ya kalsiamu yakipungua kwenye damu. Hata chupa aliyokuja nayo ilikuwa sahihi.

Alichokosa ni mkono. Kalsiamu ya mshipani huingizwa polepole, dakika kumi, ishirini, daktari akisikiliza moyo, akiona unabadilika anasimamisha. Ukiharakisha, moyo wenyewe unasimama. Kijana aliinua chupa juu, akaiacha imiminike yote, kwa sababu mvua ilikuwa inakuja na alikuwa na mteja mwingine. Ng'ombe alitetemeka, akanyosha miguu, akafa sindano ikiwa bado shingoni.

Aliitisha shilingi 800. Nilikuwa nimepigania bei ya chini, na shosho akaipata.

Usinielewe vibaya. Sisemi posti yangu ndiyo iliyomuua ng'ombe. Pengine hata daktari angechelewa. Lakini najua simu ilizimwa kwa nini, na najua nani alisababisha. Ukimfukuza mwenye ujuzi, ugonjwa hauondoki naye. Unabaki, na anayekuja kuutibu ni yule aliyebaki.

Januari hii nilimtafuta. Nilimpata mjini Embu, anauza vyakula vya kuku dukani kwa mtu. Nilitarajia anifukuze. Alinivutia kiti, akaniita ndugu yangu, jambo lililonichoma kuliko tusi. Alinionyesha daftari lake la zamani. Kurasa na kurasa za madeni. Huyu atalipa maziwa yakilipwa. Huyu atalipa bonasi ya chai ikitoka. Huyu ng'ombe alikufa, akakataa kulipa. Huyu alihama. Akaniambia pesa ndogo alikuwa ameshazoea. Kilichomshinda ni siku mtoto wake wa gredi ya saba aliporudi nyumbani akilia, wenzake wamemwonyesha picha ya babake imeandikwa mwizi. Aliacha kula vizuri. Aliacha kulala. Simu ikilia usiku, mikono ilitetemeka kabla hajajua anayepiga ni mkulima ama ni mtusi. Akaamua heri kuku.

Haya si ya Runyenjes peke yake. Mwishoni mwa 2018 kile kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilitoa utafiti uliopitia vifo vya madaktari wa wanyama kutoka 1979 hadi 2015. Wanawake wa kazi hiyo walikuwa na uwezekano mara 3.5 zaidi ya watu wa kawaida wa kufa kwa kujitoa uhai, na wanaume mara 2.1. Mtu hafiki hapo kwa sababu moja. Kuna madeni ya masomo, saa ndefu, kazi ya kuwaua wanyama wasiopona, na upweke. Lakini juu ya hayo yote ongeza mteja anayekwambia kwamba kama ungependa wanyama kweli ungetibu bure. Fikiria kusikia hilo kila wiki, maisha yako yote ya kazi. Nani anamwambia fundi wa magari kwamba kama angependa magari angetengeneza bure?

Na kama wewe unayesoma ndiye daktari mwenyewe, ama mtoto wake, ama mkewe, na mambo yamekuwa mazito: nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu hailipishwi, na upande wa pili kuna mtu wa kuongea nawe. Piga.

Najua utaniuliza: kwani hakuna madaktari wezi? Wako. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na haki ya mkulima pia ipo. Wako wanaodunga vitamini na kuitisha bei ya dawa kali. Wako wasiopima hata joto. Wako wasioandika chochote, ndio kesho usiwe na pa kuanzia. Mkulima anayeuza maziwa lita kwa lita ana haki ya kujua kila shilingi imeenda wapi. Hata huko kwa matajiri wanalalamika: Septemba 2023 mamlaka ya ushindani ya Uingereza, CMA, ilianza kuchunguza bei za madaktari wa wanyama, na mwaka uliofuata ikafungua uchunguzi kamili. Lakini ona tofauti. Kule bei ndiyo iliyowekwa mezani, mbele ya taasisi yenye meno. Mimi niliweka uso wa mtu.

Sisi pia tuna pa kupeleka kesi. Sheria ya mwaka 2011 inataka kila anayetibu mifugo, awe daktari mwenye digrii au msaidizi mwenye cheti ama diploma, awe amesajiliwa na bodi ya madaktari wa mifugo, ile KVB. Bodi hiyo hiyo ndiyo ina mamlaka ya kumwadhibu aliyekosea. Kwa hivyo ukimpigia daktari, uliza kabla hajatoka: safari ni ngapi, dawa ni ngapi, kazi ni ngapi? Daktari mzuri hakasiriki kwa swali hilo, na bei ikitajwa mapema hakuna wa kushtuka usiku. Akifika, muulize usajili wake, kwa heshima tu. Akimaliza, mwambie akuandikie jina la dawa, kipimo, na siku ngapi maziwa yasinywewe wala kuuzwa. Ukiona umeonewa, mpigie yeye kwanza. Asipokusikiza, nenda ofisi ya mifugo ya kaunti, kisha kwa bodi. Ile karatasi ndiyo ushahidi wako. Picha ya uso wake haithibitishi kitu.

Na hasira yako, kama bado ipo, mimi naipenda. Ila ielekeze mahali inapoweza kuzaa. Wakati wa bajeti ya kaunti kuna vikao vya kukusanya maoni ya wananchi. Wazee huenda, sisi vijana hatuendi. Nenda uulize: kata yetu ina daktari wangapi wa kaunti? Pikipiki zao zina mafuta? Chanjo inakuja lini? Mjomba wangu wa Nkubu yuko kwenye chama cha ushirika cha maziwa ambapo daktari anatibu leo, na ada inakatwa kidogo kidogo kwenye malipo ya mwisho wa mwezi. Mkulima hatafuti pesa saa tatu usiku, daktari habebi daftari la madeni. Hiyo ni mipango tu, wala si miujiza. Kama ushirika wa kwenu hauna, uliza kwa nini.

Labda uko mjini kabisa, huna hata paka, na unajiuliza haya yanakuhusu nini. Chai uliyokunywa asubuhi ilikuwa na maziwa. Kama ng'ombe alidungwa antibiotiki na mtu asiyejua siku za kusubiri, ulikunywa dawa hiyo bila kuugua. Nyama ya buchari ina mhuri kwa sababu kuna mtu aliikagua kabla haijafika kwako. Mbwa wa mtaa akikuuma leo Makutano, utakimbilia sindano za kichaa cha mbwa, nazo ni ghali kuliko kumchanja mbwa mwenyewe. Kenya imejiwekea lengo kwamba kufikia 2030 asife mtu kwa kichaa kinachotoka kwa mbwa. Nani atachanja hao mbwa kama anayejua kuchanja anauza vyakula vya kuku?

Ile posti nilifuta. Nikaandika nyingine ya kuomba msamaha, nikamtaja kwa kazi nzuri aliyofanya ile usiku wa Aprili. Ya matusi ilisambazwa na mamia. Ya msamaha ilipata moyo kumi na mmoja, mmoja wao wa mamangu. Nimejifunza kwamba uongo ukiutuma hauurudishi wote; vipande vingine vinabaki kwenye simu za watu.

Daktari hajarudi kazini. Alisema atafikiria. Nambari mpya alimpa shosho peke yake, akamwambia, "Mama, wewe piga saa yoyote," na mimi akaniangalia akacheka kidogo.

Yule ndama alilelewa kwa maziwa ya kununua, na sasa anakula nepia kama mkubwa. Shosho anasema ana umbo la nyanyake, yule wa kwanza aliyenilipia shule ya msingi. Mungu akipenda, atapandishwa, atabeba mimba, na usiku mmoja atazaa. Usiku huo, shosho atashika simu na kupiga. Ninachoomba ni kwamba upande wa pili kuwe bado kuna mtu wa kuishika.